Miguu Inawaka Moto, Nasi Tunaongeza Vidonge



Tulipovuka kwenda Suguti kwa mkutano wa akina mama, tulikaa chini ya mwembe baada ya ibada, na mazungumzo yakaangukia miguu. Mmoja nyayo zinamwaka moto usiku. Mwingine anahisi sindano kwenye vidole. Wa tatu ndala ilimtoka njiani na hakujua mpaka alipoambiwa. Tukaulizana kila mtu anatumia nini, mikoba ikafunguliwa: vidonge vya neva kutoka duka la dawa, kopo la multivitamini lililotumwa na binti aliyeko Mwanza, na virutubisho vya unga kutoka kwa dada yetu wa kanisani, baada ya ushuhuda. Mama mmoja alikuwa navyo vyote vitatu. Na kwa kuwa miguu haikupoa, alikuwa ameongeza dozi.

Tukasoma maandishi madogo, kwa taabu, maana miwani ilikuwa moja. Vyote vitatu vina vitamini B6, ambayo kwenye kopo mara nyingi huandikwa Pyridoxine. Mwili wa mtu mzima unahitaji kama miligramu moja na nusu kwa siku. Vidonge vingine vya neva vina 100 au 200 katika kimoja. Na B6 ikizidi kwa muda mrefu, huumiza mishipa ile ile ya fahamu tunayodhani tunaitibu: ganzi, kuchomachoma, kuyumba wakati wa kutembea. Mwaka 1983 madaktari wa Marekani walieleza habari za watu saba walioumia hivyo kwa kumeza gramu 2 hadi 6 kila siku. Baadaye madhara yalionekana hata kwa dozi ndogo zaidi ya hizo, na mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilishusha kikomo cha mtu mzima hadi miligramu 12 kwa siku. Marekani bado wanasema 100.

Ya kwenye chakula haina shida. Sato, ndizi, viazi vitamu, kuleni.

Sisi wa Mara tusishangae kwamba kinachopita kinywani kinaweza kufika miguuni. Wakati wa ukame wa 1985, konzo iliwapooza miguu watu wa Tarime, hasa wanawake na watoto, kwa mihogo michungu isiyoandaliwa vizuri. Ugonjwa ni mwingine, lakini njia ni hiyo hiyo.

Hatusemi kila mtu atupe vidonge. Wagonjwa wa kifua kikuu wanaotumia isoniazidi hupewa B6 kwa sababu dawa hiyo huipunguza mwilini, na upungufu nao huleta ganzi, hao wasiache. Anayetumia metformini ya kisukari anaweza kupungukiwa B12. Sukari yenyewe pia huchoma miguu. Ndiyo maana tunasisitiza kupimwa kwanza.

Na ule ushuhuda? Dada yetu hatumlaumu. Anasomesha watoto kwa mauzo hayo, na unga huo anaunywa mwenyewe. Lakini tulimwamini kuhusu dozi kwa sababu tunamwamini katika maombi, na hayo ni mambo mawili. Paulo alipomshauri Timotheo mvinyo kwa ajili ya tumbo lake, alitaja na kipimo: kidogo. Tunaomba wachungaji wasiruhusu bidhaa za afya kuuzwa kwenye muda wa ushuhuda. Auzaye auze nje, na kopo lisomwe.

Yule mama alifunga makopo yake yote kwenye kitenge akaenda kituo cha afya. Sukari ilikuwa sawa. Akaambiwa asimamishe vyote vitatu na arudi baada ya miezi miwili, maana mishipa hupona polepole na mwanzoni hali inaweza hata kuzidi. Usiku nyayo bado zinamwaka. Aliyempeleka kwa pikipiki, na kulipa nauli, ni yule dada anayeuza unga.