PAA LILILOTOBOLEWA NA MAWE SI MSIBA WA MTU MMOJA

Kila mwaka, mvua za Novemba zinapokaribia katika nchi ya Unyamwezi, mkulima hutazama mawingu kwa furaha, lakini mwenye nyumba huyatazama kwa wasiwasi. Anajua kwamba katika mawingu yale yale yanayoleta mahindi na mpunga imo pia mvua ya mawe, na kwamba dakika kumi za mawe zaweza kuharibu paa alilolijenga kwa akiba ya miaka kumi. Leo twataka kusema juu ya paa hilo: gharama yake ni kiasi gani, ni nani anayeilipa, na ni nani hasa aliyestahili kuilipa.

Tumchukue mfanyakazi mmoja wa Ipuli, kata iliyomo katika Manispaa ya Tabora. Hatuna haja ya kumpa jina, maana watu wa hali yake ni wengi, na kila msomaji wetu anamfahamu mmoja wao. Ana nyumba ya mita 10 kwa mita 8, aliyoijenga kidogo kidogo: mwaka huu matofali, mwaka ujao mlango, mwaka wa tatu paa. Ukihesabu mteremko wa paa na sehemu inayotokeza nje ya ukuta, nyumba hiyo yahitaji mabati yapatayo 60 ya mita tatu tatu. Tuseme bati moja jembamba ni shilingi 25,000. Ambaye duka lake lina bei nyingine na aiweke hiyo. Mabati peke yake ni shilingi 1,500,000. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa Serikali, tangu Julai 2025, ni shilingi 500,000 kwa mwezi. Basi mabati tu, kabla ya msumari mmoja kununuliwa, yameila mishahara ya miezi mitatu mizima, kana kwamba katika miezi hiyo mtu huyo na watoto wake hawali, hawavai, wala hawaugui.

Wala hesabu haijaisha. Kuna misumari ya bati, kuna kofia za kufunika kipeo cha paa, kuna papi zilizovunjika na kenchi zilizolegea, kuna ujira wa fundi na gharama ya gari la kuleta mabati. Kuna godoro lililolowa, kuna unga uliomwagikiwa maji, kuna madaftari ya watoto. Vitu hivi haviandikwi katika hesabu ya mtu yeyote, lakini mwenye nyumba huvilipa vyote.

Tena mvua ya mawe haichagui wakati mzuri wa kumdai mtu. Huja katika msimu wa mvua, na mvua zetu huendelea mpaka Aprili. Paa lililotoboka mwezi Desemba haliwezi kungoja mavuno. Papo hapo Januari imebisha hodi na sare za shule, na shamba linadai mbegu na mbolea. Mtu aliyebanwa namna hiyo hana nafasi ya kubishana bei na mwenye duka, wala hana nafasi ya kuchagua mkopeshaji. Hapo ndipo anapoangukia mikononi mwa wale ambao wananchi wenyewe wameibatiza mikopo yao jina la "kausha damu". Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ipo, na wakopeshaji wanatakiwa kuwa na leseni. Lakini mtu ambaye watoto wake wamelala chini ya turubai haulizi leseni, anauliza fedha. Anaezeka nyumba yake kwa mkopo, na miezi sita baadaye kochi, televisheni na pikipiki vimebebwa. Mawe yalichukua paa. Riba imechukua vilivyokuwa chini ya paa.

Yafaa tukumbuke yaliyotokea kwa jirani zetu wa Mwakata, katika wilaya ya Kahama. Usiku wa tarehe 3 Machi 2015 mvua ya mawe na upepo iliangusha mamia ya nyumba, na watu zaidi ya 40 wakafa, wengi wao kwa kuangukiwa na kuta za udongo. Taifa zima lilisikitika. Rais Jakaya Kikwete alikwenda mwenyewe kuwapa pole waliofiwa. Vyakula, mablanketi na mahema vilipelekwa. Ilikuwa haki, na twawashukuru wote waliotoa.

Lakini Mwakata yatufundisha jambo jingine ambalo si rahisi kulisema. Msaada ulikuja kwa sababu maiti walikuwa wengi. Mawe yanapopita mtaa mmoja wa Ipuli na kuharibu nyumba 30 bila kumwua mtu, hakuna msafara unaokuja. Diwani atapita, mwenyekiti wa mtaa ataandika majina, majirani watasema "pole", na jioni ile ile kila mwenye nyumba atabaki peke yake na mashimo yake. Je, ndivyo tunavyotaka? Kwamba mtu asisaidiwe mpaka kwanza afe? Msiba mdogo unaorudi kila mwaka katika mitaa mbalimbali, ukijumlishwa, wafilisi watu wengi kuliko msiba mmoja mkubwa; ila wao hufilisika kimya kimya.

Mvua ya mawe haiwezi kuzuiwa. Katika wingu la radi mna upepo mkali upandao juu. Huyachukua matone ya maji mpaka penye baridi kali, yakaganda, yakazidi kunenepa kwa barafu, hata upepo ukashindwa kuyabeba. Tabora iko mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, hivyo barafu hiyo haipati safari ndefu ya kuyeyukia kama huko pwani. Ndugu zetu wa Kericho, nchini Kenya, ambako mawe huanguka mara nyingi kuliko karibu pahali pengine popote duniani, walijaribu katika miaka ya 1960 kuyapiga mawingu kwa maroketi na kwa dawa zilizomwagwa na ndege ili kuokoa chai yao. Mpaka leo mawe yangali yakianguka Kericho. Basi, tukiwa hatuwezi kulitawala wingu, na tulitawale paa.

Wazee wetu walikuwa na njia zao. Msonge wa Mnyamwezi uliezekwa kwa nyasi, na jiwe la barafu likianguka juu ya nyasi hupoteza nguvu zake. Katika njia ya misafara zilikuwako nyumba za tembe, zenye paa la bapa la udongo uliotandazwa juu ya miti. Katika tembe la namna hiyo huko Kwihara, karibu na Tabora, Livingstone alikaa mwaka 1872 akingoja wapagazi wake. Paa la udongo halikutobolewa na mawe, lakini lilivuja, na nyasi zilitaka kubadilishwa na ziliogopa moto. Hatusemi turudi huko. Sisi tuliosoma chini ya paa la bati twakumbuka jinsi mwalimu alivyolazimika kunyamaza mvua iliponyesha, maana hapakuwa na sauti ya kushindana na kelele ile. Lakini twakumbuka pia kwamba vitabu vyetu vilikuwa vikavu.

Mwaka 1977, alipokuwa akitathmini Azimio la Arusha baada ya miaka kumi, Mwalimu Nyerere aliwalaumu wananchi kwa ugonjwa wa kungoja bati na saruji, hali udongo wa kuchoma matofali na vigae uko chini ya miguu yao. Maneno yale yangali na ukweli. Kigae nacho huvunjika, na uzito wake hudai kenchi imara; lakini kigae kilichovunjika hubadilishwa kimoja kimoja, kwa udongo wa hapa na kwa mikono ya hapa. Bati lililotoboka hulibandiki kwa udongo, hubadilishwa lote.

Hata hivyo, wengi wamekwisha chagua bati, na hapana dhambi katika kulichagua. Dhambi iko katika wembamba wake. Kila fundi ajua kwamba namba ya geji ikizidi kuwa kubwa, bati huzidi kuwa jembamba: geji 32 ni jembamba kuliko geji 30, na geji 30 kuliko geji 28. Tuseme bati nene lazidi lile jembamba kwa shilingi 10,000. Kwa mabati 60 tofauti ni shilingi 600,000, nayo ni fedha nyingi kwa maskini. Kwa hiyo hununua jembamba, na mawe yakija hununua tena. Huyo amelipa 3,000,000 kwa paa ambalo tajiri alilipa 2,100,000. Ndivyo umaskini unavyomtoza mtu mara mbili. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini yafaa pia tumwulize mwenye kusema hivyo, maskini huyo aupate wapi udongo wa kuzibia?

Tena kuna udanganyifu. Rangi nzuri, nyekundu au ya kijani, yaweza kuficha wembamba ambao jicho la mnunuzi haliwezi kuupima. Shirika la Viwango lililoundwa mwaka 1975 lina wajibu wa kuhakikisha kwamba namba iliyopigwa juu ya bati ndiyo namba ya kweli ya bati hilo. Twataka wakaguzi wake waonekane katika maduka ya Tabora kabla ya mvua, si baada yake. Na mafundi wetu nao wajisahihishe: msumari upigwe juu ya mgongo wa bati, si katika bonde, papi zisiachane mno, na kenchi zifungwe ukutani kwa mikanda ya chuma, maana mara nyingi mawe huja pamoja na upepo, na kile ambacho jiwe halikukitoboa upepo hukibeba.

Sasa twafika penye shina la jambo. Mtu mmoja hawezi kulipa paa kwa siku moja. Watu mia tano waweza. Nyumba 500 za kata moja zikitoa shilingi 2,000 kila mwezi, kwa mwezi ni 1,000,000, na kwa mwaka ni 12,000,000. Hayo ni mabati ya nyumba nane. Miaka mitano ikipita salama, mna mabati ya nyumba 40. Shilingi 2,000 ni bei ya soda chache. Katika miaka ya 1960 TANU ilipanga wanachama wake kwa nyumba kumi kumi, na mpango huo ulionyesha kwamba jirani aweza kumfikia jirani bila gari wala ofisi. Mfuko wa paa waweza kuanzia hapo hapo.

Lakini tusijidanganye. Mvua ya mawe hupita katika ukanda mwembamba: upande huu wa barabara mabati yote yametoboka, upande ule kuku hakupoteza hata unyoya. Ikipiga kata moja sawasawa, mfuko wa kata hiyo utakauka kwa siku moja. Kwa hiyo Ipuli isisimame peke yake. Kata zote za Tabora ziungane, na mkoa uungane na Shinyanga na Kigoma, ili mahali palipopona pasaidie palipopigwa. Fikira hii si mpya. Wakulima wa Mecklenburg, huko Ujerumani, waliungana mwaka 1797 wakaanzisha chama chao cha bima ya mvua ya mawe, wakilipana wao kwa wao. Kama wakulima wale waliweza hayo katika siku za farasi na barua, sisi wenye simu mkononi tutatoa udhuru gani?

Tunajua jibu litakaloletwa: "Fedha zitaliwa." Hatuwezi kumcheka asemaye hivyo. Wananchi wameviona vyama vya ushirika vikiliwa na viongozi wake. Mwaka 1976 Serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika, ikavirudisha kwa sheria ya mwaka 1982, na hasara ya miaka ile wakulima hawajaisahau. Lakini dawa ya mwizi si kuacha kuweka akiba. Dawa yake ni daftari lililo wazi. Hesabu na zibandikwe ukutani kila mwezi, zisomwe na watu wote. Fedha zikae benki, zisitoke bila sahihi za watu watatu waliochaguliwa. Na kiongozi atakayezigusa, awe wa chama au wa mtaa, asihamishwe, ashitakiwe.

Serikali nayo ina sehemu yake. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa hadi chini kabisa, kwa wananchi. Kamati hizo zisiwe za kuhesabu maiti tu; zihesabu na mapaa. Na pale kamati inapothibitisha kwamba paa limeharibiwa na mawe, twaiomba Hazina ifikirie kuisamehe kodi iliyomo katika mabati yatakayonunuliwa na mfuko wa wananchi. Si haki Serikali ikusanye kodi katika msiba wa mtu.

Wafanyakazi na wakulima wa Tabora, mawingu hayatangoji tumalize mikutano. Nyumba imara, tulifundishwa tangu utotoni, ni ile iliyojengwa juu ya mwamba. Mwamba wetu ni jirani. Kabla ya mvua zijazo, kila mtaa wa Ipuli na ukutane, uchague watu waaminifu, ufungue daftari, na mtu wa kwanza aweke shilingi zake 2,000 mezani mbele ya macho ya wenzake. Mawe yakianguka baada ya hapo, yatatoboa mabati, lakini hayatamkuta mtu akiwa peke yake.