Stesheni Isiyo na Pa Kuketi

Mnamo Februari 2021, baridi ya New York ikiwa kali na maradhi ya korona hayajalegea, wasafiri wa reli ya chini ya ardhi waliofika stesheni ya Mtaa wa 23 walikuta mabenchi yameondolewa, na mmoja wao akaiuliza mamlaka ya usafiri, hadharani na kwa maandishi, sababu ya jambo hilo. Alijibiwa kwa sentensi moja, kwamba mabenchi yameondolewa ili wasio na makao wasipate kulala juu yake. Jibu hilo lilipoenea na kuzusha ghadhabu ya watu lilifutwa, na wakubwa wa mamlaka wakatangaza kuwa lilitolewa kimakosa. Kwangu mimi jibu lile lina thamani kubwa kuliko masahihisho yaliyolifuata, kwa kuwa ni nadra idara yenye dhamana ya umma kuutamka muradi wake waziwazi namna ile.

Aghalabu muradi huo hufichwa ndani ya mbao na chuma, na hapana budi mtu ainame aangalie ndipo autambue. Mabenchi ya kale ya reli ya New York ni ya mbao nene, na baina ya kiti na kiti yamepigiliwa vigingi vya mbao vilivyoinuka, hata mtu aweze kuketi lakini asiweze kabisa kujinyoosha. Baadaye, mnamo 2017, kuliwekwa katika stesheni fulani ya Brooklyn kitu ambacho hata jina la kiti hakistahili: ubao ulioinamishwa na kufungwa ukutani, usawa wa nyonga za mtu mzima, ambao msafiri huuegemea kwa matako ilhali uzito wake wote umebaki miguuni. Mwezi mmoja tu kabla ya kisa cha Mtaa wa 23 ulikuwa umefunguliwa, ndani ya jengo la kale la posta mjini humo, ukumbi mpya wa treni uliopewa jina la Seneta Daniel Patrick Moynihan na kugharimu dola bilioni 1.6, wenye paa la kioo na nafasi ya kutosha maelfu ya watu. Na katika nafasi yote hiyo viti vya kungojea vilitengwa mahali pa wenye tikiti, hata wengineo wakaonekana wameketi sakafuni, migongo wameiegemeza ukutani na mizigo wameipakata.

Tutaamali basi ni nani anayepatwa na dhiki hii. Reli ya chini ya ardhi ya New York ina stesheni 472, na katika mwaka ule ni kama robo yake tu zilizokuwa na lifti za kumwezesha mlemavu kufika jukwaani. Katika hizo nyingine, bibi mwenye magoti yaliyochoka hushuka ngazi moja baada ya moja, mkono mmoja kwenye chuma cha kushikilia na mwingine kwenye mfuko wa dawa alizotoka kuzichukua hospitalini, na akishafika chini akiwa anatweta huambiwa na ukuta mtupu kwamba asimame mpaka treni ije. Kadhalika mama mjamzito, mgonjwa wa moyo, mfanyakazi atokaye zamu ya usiku na mzazi aliyembeba mtoto aliyelala. Hao wote hawakushtakiwa kwa lolote, wala hakuna hakimu aliyewahukumu, lakini wanaitumikia adhabu iliyokusudiwa mtu mwingine, ambaye naye kosa lake ni kukosa mastakimu.

Sisemi kwamba wanaolalamikia watu kulala stesheni hawana hoja. Mwanamke anayesafiri peke yake saa sita za usiku ana haki ya kuhofu akikuta mtu anayepiga kelele peke yake jukwaani, na mfagizi anayesafisha uchafu wa binadamu kila alfajiri kwa mshahara mdogo ana haki ya kuchoka na kukasirika. Ni kweli pia kwamba stesheni haikujengwa iwe nyumba ya kulala, na anayewatakia mema mafukara hawezi kuridhika kuwaona wakilala kwenye zege karibu na reli yenye umeme. Lakini hoja hizo, zote za haki, hazifiki hapo zinapopelekwa, kwa maana mtu aliyenyang'anywa benchi hulala sakafuni, akifukuzwa sakafuni hulala kwenye ngazi, na akifukuzwa kwenye ngazi hupanda behewa akalala humo. Tangu tarehe 6 Mei 2020, kwa muda uliozidi mwaka mmoja, mamlaka ya usafiri ya New York ilizifunga stesheni zake usiku, jambo ambalo halijapata kuwa desturi ya mji ule, na wenye mamlaka walisema kuwa muradi ni kusafisha mabehewa. Waliokuwa wakilala humo walitolewa nje, na stesheni zilipofunguliwa tena usiku kucha, shida yao ilikuwapo vilevile, kwani kutolewa nje hakumpi mtu ufunguo wa nyumba.

Linalonisikitisha zaidi ni kwamba jambo hili limetendeka katika mji ambao sheria zake zinajua vyema zaidi. Katiba ya jimbo la New York, tangu ilipofanyiwa mabadiliko mwaka 1938, inalitwika jimbo wajibu wa kuwasaidia wahitaji. Na mwaka 1979 mwanasheria kijana, Robert Hayes, aliufungulia mji na jimbo kesi kwa niaba ya Robert Callahan na wenzake waliokuwa wakilala mitaani, akidai malazi kwa kuitegemea katiba hiyo. Mwaka 1981 pande mbili zilipatana, na mji ukajifunga kuwapa malazi wanaume wasio na makao, haki ambayo baadaye ilienea kwa wanawake na familia. Callahan mwenyewe hakuiona siku hiyo, kwani alifariki mitaani kabla ya mapatano kutiwa saini. Katika mji uliofungwa na ahadi iliyopatikana kwa thamani hiyo haikustahili mamlaka kushughulika na kung'oa mbao.

Tena dawa yenyewe inajulikana. Nchini Finland, ambako baridi ni kali zaidi, watu wasio na makao mwaka 1987 walikuwa takriban 18,000. Baada ya serikali kushika, tangu mwaka 2008, siasa ya kumpa mtu nyumba kwanza yenye mkataba wa kupanga, na msaada wa tiba na kazi ukafuata akiwa tayari ndani ya nyumba yake, idadi hiyo, iliyokuwa imekwisha kuanza kupungua, ilizidi kushuka hata ikawa chini ya 4,000. Mabweni ya Helsinki yaligeuzwa kuwa vyumba vya kupangisha, kila mtu na mlango wake. Hilo liligharimu fedha nyingi na miaka mingi, na halikumdhuru abiria hata mmoja.

Nayaandika haya kwa kuwa nasi tumo katika zama za kujenga stesheni. Reli ya kisasa ilianza kuchukua abiria baina ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, na baina ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, na nyingine zinajengwa, na michoro ya majengo ya namna hii husafiri kutoka nchi hadi nchi pamoja na mitindo yake mibaya. Watu wa mwambao, kuanzia Lamu hadi Unguja, wamejenga baraza za mawe mbele ya nyumba zao tangu karne nyingi, na mpita njia huketi hapo bila kuulizwa nauli wala nasaba. Hatuna haja ya kufunzwa na mtu namna ya kumnyima mgeni mahali pa kuketi. Nawasihi wahandisi na wakubwa wa reli zetu waweke mabenchi mapana, yenye kuegemewa na yasiyo na vigingi, nje na ndani ya lango la tikiti, kwa hesabu inayolingana na umati wa abiria. Nawe msomaji, ukifika katika stesheni mpya ukakosa pa kuketi, waandikie wenyewe barua, uitaje stesheni kwa jina na muda uliosimama, kisha udai jibu la maandishi.