Mzazi Akihamishwa, Maelezo ya Mtoto Hubaki Nyuma

Afisa wa polisi au karani wa benki aliyepewa barua ya uhamisho kwenda Meru huulizia mambo mawili kabla ya kufunga virago: nyumba na shule. Nyumba ya kukodi huenda akaipata kwa simu chache, pengine huko Kinoru, karibu na uwanja wa michezo. Shule huichagua kwa sifa ya mtihani. KCPE, mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, lakini mazoea iliyoyaacha hayajafa; bado watu huulizana ni akademi ipi “inapitisha”. Kwa mtoto mwenye ADHD, yaani hali ya ubongo inayomfanya ashindwe kutulia, kukaza fikira au kuzuia pupa kwa kiwango kinachotatiza maisha yake, sifa hiyo haimwambii mzazi jambo analolihitaji. Shule ileile iliyotoa alama za juu huenda ikawa imezipata kwa mazoezi marefu ya kukaa kimya, na kukaa kimya ndiko kunakomshinda mtoto huyu. Hata hivyo, simlaumu mzazi kwa kuuliza swali lisilofaa. Kasoro kubwa iko katika mfumo wa elimu, ambao humhamisha mtoto kwa jina na nambari yake, ukaacha nyuma yale ambayo mwalimu wa zamani alijifunza kumhusu.

Tazama jinsi uhamisho unavyofanyika. Mwanafunzi wa Kenya ana nambari ya usajili katika mtandao wa Wizara ya Elimu, na shule inayompokea humwingiza kwenye orodha yake kwa nambari hiyo. Ripoti ya muhula itaonyesha kiwango alichofikia katika Hisabati. Kwamba husikia maagizo vizuri akipewa moja moja, kwamba kazi ya ukurasa mzima ikigawanywa mara tatu huimaliza, kwamba akitumwa kukusanya vitabu hurudi ametulia: hayo yamo kichwani mwa mwalimu mmoja aliyebaki Nakuru au Kisumu. Mwalimu mpya huanza upya, na muhula wake wa kwanza hupita akimwita mtoto mtukutu. Huyu si mtoto wa nadra. Makadirio yanayotumiwa sana duniani ni karibu watoto 5 katika kila 100, na kwa kipimo hicho darasa la watoto 50 lina wawili au watatu. Msichana mwenye hali hii huchelewa zaidi kutambuliwa, kwa kuwa mara nyingi hasumbui mtu. Hukaa dirishani akiwaza yake.

Meru ina ugumu wake mwingine. Sera ya elimu inataka madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo shule iliko. Mjini mara nyingi Kiswahili kitatosha, lakini kadiri familia inavyopata nyumba mbali na mji ndivyo mtoto anavyokaribia darasa la Kimeru. Mgeni asiyeelewa agizo hutazama huku na huku, huinuka, humsumbua jirani. Dalili hizo zinafanana mno na za ADHD, na aliye na hali zote mbili huhukumiwa kwa moja tu. Bila maelezo kutoka alikotoka, hata mwalimu mwenye nia njema hana njia ya kuzitenganisha.

Wapo wanaosema dawa ni shule maalum. Eneo hili lina historia ya kuheshimika katika jambo hilo: kuna shule ya viziwi Kaaga, ya wasioona Igoji, na Embu ina St. Luke’s ya viziwi. Lakini shule hizo zilijengwa kwa ulemavu unaoonekana au kupimika waziwazi, na mtoto mwenye ADHD kwa kawaida anafaa kuwa katika darasa la kawaida lililorekebishwa kidogo. Wengine hupendekeza bweni “limnyooshe”. Bweni humwongezea kengele, foleni na viranja, kisha humwondoa mtu mzima anayemjua. Kiboko nacho, ambacho Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakikataza, humfundisha mtoto kuogopa darasa, si kukaza fikira.

Pingamizi lenye uzito ni la walimu. Mwenye darasa la watoto 60, wanauliza, atamgawia nani kazi vipande vipande? Ni kweli, na hakuna karatasi itakayopunguza idadi hiyo. Hata hivyo mengi yanayomfaa mtoto huyu hayahitaji pesa: kiti cha mbele, mbali na mlango, ratiba isiyobadilika ovyo, ruhusa ya kusimama. Kinachomgharimu mwalimu muda ni kugundua lipi kati ya hayo linamsaidia huyu, na ugunduzi huo ulishafanywa kwingine. Kwa hiyo darasa likizidi kujaa, maelezo yaliyotangulia huzidi kuwa na thamani.

Wazazi wana hofu yao: faili itamtangulia mtoto kama rekodi ya mhalifu, na mwalimu mkuu ataiambia familia nafasi zimejaa. Hofu hii si ya kubezwa. Sheria hiyohiyo ya 2013 inakataza ubaguzi wa ulemavu wakati wa kumpokea mtoto, na hairuhusu shule ya umma kumtahini ili kumkubali, isipokuwa kuamua daraja lake. Akademi za binafsi zina mlango mpana wa kukwepa, na humo ndimo “intavyuu” hufanya kazi ya mchujo. Ndiyo maana maelezo yaende baada ya mtoto kusajiliwa, kwa idhini ya mzazi, kama Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inavyotaka kwa taarifa za watoto.

Atakayeyabeba yupo tayari. Tangu 1984 Kenya imekuwa na vituo vya tathmini ya elimu, EARC, vinavyopima watoto na kushauri shule. Kituo cha kule familia inakotoka kingeweza kukiandikia kile cha Meru ukurasa mmoja unaosema nini kilifaa na nini kilishindikana, si jina la ugonjwa peke yake. Tume ya Huduma ya Walimu (TSC), iliyowatawanya walimu mbali na kwao kwa mpango ulioanza 2018, ingeanza na watoto wa waajiriwa wake: fomu ya uhamisho iulize kama kuna mtoto anayehitaji ukurasa huo, na tarehe ya kuripoti isogezwe hadi likizo ya Disemba pale jibu linapokuwa ndiyo.