ULIZA KABLA YA KUTENDA

Wako wengi miongoni mwetu wanaojifunza kuamrisha kompyuta kwa kunakili amri za wenzao, mstari kwa mstari, wasijue zinafanya nini. Desturi hii si nzuri, nami napenda kueleza sababu.

Katika PowerShell, programu ya kuandikia amri iliyotolewa na Microsoft mwaka 2006, jibu unalopewa si maneno matupu, bali ni kitu kamili. Kila kitu kina sifa zake, yaani jinsi kilivyo, na matendo yake, yaani yale kiwezayo kutenda au kutendwa. Ukiulizia faili, kioo huonyesha sifa chache tu, kama jina, ukubwa na saa ya kubadilishwa. Nyingine zimefichika. Ukitaka kuzijua zote, andika hivi:

Get-Item insha.txt | Get-Member

Mara utaletewa orodha. Utaona sifa kama Length, ukubwa wa faili kwa baiti, na CreationTime, saa ilipoundwa. Utaona na matendo: CopyTo la kunakili, MoveTo la kuhamisha, na Delete la kufuta.

Hapo ndipo penye hatari. Muhula uliopita nilinakili mstari huu pasipo kuuliza:

(Get-Item insha.txt).Delete()

Insha ya mwenzangu ikapotea, wala hatukuiona katika pipa la taka la kompyuta, maana tendo hilo hufuta moja kwa moja. Niliomba radhi, lakini radhi haikuirudisha insha. Kumbe ningaliacha yale mabano ya mwisho, kompyuta ingalinionyesha tu jinsi tendo linavyotumika, bila kulitenda. Mabano mawili tu!

Wengine husema kwamba kuuliza kwanza ni kupoteza wakati, na kwamba amri sahihi ya mwalimu yatosha. Sikubaliani nao. Amri ya kunakili hufaa kwa kazi ile moja tu. Lakini ajuaye kuuliza, hata akikuta kitu asichopata kukiona, ataweza kukitambua mwenyewe.

Kwa hiyo nawasihi wanafunzi wenzangu: Get-Member kwanza, mabano baadaye. Na walimu wetu, tafadhalini, tufundisheni amri hiyo siku ya kwanza. Kuuliza si ujinga.

Mwanafunzi, Kidato cha 3