Dada, usitie dole gumba kwenye karatasi ile



Leo nina hasira, nivumilieni. Sisi tunaovuka kutoka Pemba kwenda Tanga kila mwezi, hadithi hii tumeichoka. Mwanamke kapanda bodaboda, labda anatoka Ngamiani anakwenda Bombo kumtazama mgonjwa. Pikipiki inaanguka, mguu unavunjika. Siku ya tatu wazee wa pande mbili wamekaa kitako, kijana kaletwa kainamisha kichwa, laki moja imewekwa mkekani, na dada anaambiwa: ni kadari mwanangu, samehe, tia dole hapa.

Kadari naiamini. Lakini someni Suratun Nisaa, aya ya 92, inayomzungumzia aliyeuliwa kwa kukosea, bila kusudi. Hata hapo Mwenyezi Mungu ameweka diya wapewe watu wake, isipokuwa wao wenyewe waisamehe iwe sadaka. Haki imetangulia, msamaha umefuata, na wa kusamehe ni mwenye haki, si shemeji wala jirani. Majeraha nayo yana fidia zake katika fiqhi. Sasa anayekuharakisha usamehe kabla hujajua unasamehe nini, anakutakia kheri gani?

Unachosamehe ni hiki. Sheria ya Tanzania Bara inataka kila pikipiki inayotembea barabarani iwe na bima, japo ile bima ndogo. Na bima ndogo haikuwekwa kwa ajili ya pikipiki. Imewekwa kwa ajili ya mtu mwingine aliyeumia: mpita njia, au abiria wa nauli kama wewe. Kwa hiyo yale maneno ya "utamfilisi mtoto wa watu masikini" hayana mguu wa kusimamia, kwani ikiwa bima ipo, mlipaji ni kampuni. Kijana mwenyewe mara nyingi pikipiki si yake, jioni anapeleka hesabu kwa bosi. Bosi huyo mbona hatumwoni mkekani?

Linaloniuma zaidi ni neno "yeye hafanyi kazi, yuko nyumbani tu." Hafanyi kazi? Anayeamka saa kumi alfajiri kukanda maandazi, anayeteka maji, anayewaogesha watoto na kumgeuza mama mkwe kitandani? Mguu ukilala miezi minne, kazi hizo anazifanya binti aliyeachishwa skuli, na hakuna aliyezihesabu. Mahakama inaweza kukupa fidia ya maumivu na ya maisha yaliyopungua bila risiti, kwa busara ya hakimu. Gharama za mkononi ndizo zinazotaka ushahidi: risiti za dawa, za picha ya mfupa, hata nauli za bajaji za kwenda kliniki. Daftari lako la vikoba na la mauzo ya maandazi nalo liweke vizuri, usiwape watoto wachoree.

Basi ukianguka, au akianguka nduguyo, chukueni namba ya pikipiki, ile inayoanza na MC. Nendeni polisi, mchukue PF3, na jalada lifunguliwe, maana bila ripoti ya polisi kampuni ya bima haitawasikiliza. Bima ya pikipiki inaangaliwa kwa namba hiyo kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, kwa simu tu. Kampuni ikikuzungusha, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, aliyewekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Chama cha wanasheria wanawake, TAWLA, kina ofisi Tanga. Na muda wa kufungua madai ya kuumizwa kwa uzembe ni miaka 3, usingoje mpaka mguu upone.

Ikionekana pikipiki haina bima, njia ni ndefu zaidi, siwadanganyi: utamdai dereva na bosi wake mahakamani. Ila hapo pia laki moja si bei ya mguu.

Ukishajua yote haya, kisha moyo wako ukasema namsamehe kwa ajili ya Allah, samehe, na ujira wako uko kwake. Kabla ya hapo usitie dole.

Na nyinyi wazee wetu, siku mkiitwa tena kwenye kikao kama hicho, kabla hamjaleta fatiha ombeni karatasi ya bima iletwe, na mwenye pikipiki aje mwenyewe.