Nani alitufundisha kusikia haya ya sombe?

Kuna maneno tunayoyasikia katika nyumba za watu waliosoma hapa Lubumbashi, na safari hii hatutayapita kimya. Mtoto anafunua sufuria, anakunja uso: « Mama, leo tena majani? Tuko mbuzi? » Baba anacheka. Mama anaanza kujitetea: mshahara haujatoka, feza ni kidogo, muvumilie, mwisho wa mwezi tutakula nyama. Sisi tunasema kwamba ubaya hauko ndani ya sufuria. Uko katika msamaha ule mama anaouomba, kama vile amewatendea watu wake vibaya.

Amewatendea vibaya namna gani? Sombe iliyopikwa vizuri ni kazi ya fundi. Majani ya muhogo mabichi yana sumu. Mama zetu hawakungoja masomo ya kemia ili wajue kuiondoa. Kuponda mpaka yalainike kabisa, kuchemsha muda mrefu na kuacha sufuria wazi mwanzoni ili mvuke utoke, ndipo vitunguu, pilipili kidogo, mafuta ya mawese, na ndakala kavu za Kalemie au unga wa karanga. Hapo mtu anapata protini, mafuta na vitamini kwa feza ambayo haitoshi kununua hata paja moja la kuku ya friji. Na utamu? Yule anayesema sombe haina utamu alikula sombe ya mtu aliyekuwa na haraka.

Haya hii ina historia. Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilileta watu wa kazi kutoka mbali, nayo ikawagawia poso: unga kwa kilo, chumvi, samaki, mara nyama. Unga wa mahindi ulipendwa na kampuni kwa sababu unapimika na kusafirishwa bila taabu, hivyo bukari nyeupe ikawa chakula ya mfanyakazi, na mtama na ulezi vikabaki vyakula vya « kule kijijini ». Katika foyer social wanawake walifundishwa kushona, kulea watoto na kupika. Hatusemi yote yalikuwa mabaya. Kuna mabibi waliopata mule ujuzi mwingi. Lakini somo moja liliingia bila kuandikwa ubaoni: jiko la maendeleo ni la mzungu, la nyuma ni la mama mzazi.

Halafu kampuni ikawa Gécamines, ikaendelea kugawa unga, mpaka ilipoanguka miaka ya 1990. Mwaka 2003 zaidi ya watu 10,000 waliondoka kazini kwa ile mipango ya « départs volontaires ». Ni kipindi kile nyumba nyingi zilirudilia majani kwa lazima: lengalenga asubuhi, matembele mangaribi, mara moja kwa siku, mara hakuna. Watoto wa wakati ule leo ni wakubwa, wengine wako mabiro. Kwao majani ni njaa, ni baba aliyekaa nyumbani bila kazi. Tunawaelewa. Lakini lengalenga haikuwafukuza baba zao kazini. Iliwalisha.

Sasa tugeukie na rafiki zetu wa desturi, kwa sababu hao nao wanatuchokesha. Katika mikutano ya utamaduni utasikia bwana amevaa liputa nzuri anasifu chakula ya mababu nusu saa nzima, halafu meza inafunguliwa: kuku ya friji, mayonezi, soseji. Na huyo bwana hajashika mchi hata siku moja. Ukimwambia sombe ni rahisi, anakubali. Rahisi kwake, ndiyo. Haponde, hapepee mbabula, hajui mfuko wa makala wa juzi umebaki nusu. Bei ya kweli ya sombe iko katika makala na katika mikono ya binti anayeiponda badala ya kusoma masomo yake.

Tena makala hayo yanatoka katika pori letu la miombo. Miti inayoangushwa ni miti ile vinkubala wanayokula majani yake. Kinkubala mkavu, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, na zamani alikuwa nyama ya mtu asiye na feza. Leo nenda sokoni uulize bei. Utarudi na mfuko wako mtupu.

Kwa hiyo anayetaka kutetea jiko letu aanze kwa kuhesabu moto. Maharagi yalowekwe tangu jioni, maji yale yamwagwe, yatawiva mapema zaidi. Sombe ipondwe kwa mashine ya sokoni kama iko, ipikwe sufuria kubwa kwa siku mbili, au majirani wawili wapike kwa moto mmoja na kugawana. Zamani wake wa lupango moja walifanya hivyo bila mkutano wowote. Siku zingine ni lengalenga: dakika kumi, nyanya moja, kitunguu, unga wa karanga, basi. Ndakala zioshwe kwa maji ya moto kuondoa mchanga, zikaangwe kwa mafuta kidogo kabla ya kutia nyanya. Na ile kubu ambayo sasa tunatia tatu, ine, katika sufuria moja? Sehemu yake kubwa ni chumvi. Moshi wa samaki na karanga iliyokaangwa vilitoa ladha kabla kubu haijafika nchini.

Juu ya bukari pia tuseme wazi. Mji huu unategemea mahindi ya Zambia, na mwaka 2024, wakati ukame ulipounguza mashamba ya kule, kila mama aliyepima meka ya unga alijua maana ya kutegemea. Kuchanganya unga wa muhogo na wa mahindi kunarefusha mfuko, na bukari inashikana vizuri mkononi. Ni kweli muhogo peke yake haujengi mwili wa mtoto. Ndiyo sababu hauliwi peke yake, unaliwa na maharagi, majani, ndakala. Lakini kuna wanaokataa kwa sababu moja tu: bukari ile si nyeupe. Mgeni akija itaonekana.

Tunajua kuna nyumba ambazo hata fungu la lengalenga linawashinda. Kuwaambia hao wapike kwa akili ni kuwatukana, na maneno haya si yao. Tunasema na baba mwenye mshahara, anayeacha feza ya ration juu ya meza asubuhi, ileile ya mwaka jana, anaenda zake, na mangaribi anasukuma sahani: « Nyama iko wapi? » Huyo, tunamwomba kesho aende sokoni yeye mwenyewe na feza ile, anunue unga, mafuta, chumvi na makala, arudi na kile kitakachobaki mkononi. Halafu atuambie anataka kupikiwa nini.