Maabara Ndani ya Miwani

Mwanao akiwa anasomea sayansi au uhandisi, huenda amekwisha kukusimulia habari za miwani nene ambayo mvaaji wake hujiona yumo maabarani, hali ameketi kitini. Siri yake si kubwa. Kila jicho huonyeshwa picha iliyohitilafiana kidogo na ile ya jicho la pili, na kompyuta huzibadili picha hizo kila kichwa kigeukapo; ubongo nao huamini. Ivan Sutherland wa Marekani alionyesha chombo cha namna hiyo mwaka 1968, nacho kilikuwa kizito hata ikabidi kining'inizwe darini.

Faida yake haina ubishi. Mwanafunzi huchanganya asidi kali asiungue, akakosea, akarudia mara kumi bila ya kuharibu kitu. Iko pia miwani isiyouficha ulimwengu, bali huongeza michoro juu ya vitu vilivyopo. Mwaka 1992 Caudell na Mizell wa kampuni ya ndege ya Boeing walieleza jinsi fundi awezavyo kuonyeshwa hivyo njia ya kila waya. Mimi naipenda hii zaidi, maana mikono ya fundi imo kazini.

Lakini je, mvaaji hujifunza? Mwaka 2019 Makransky wa Chuo Kikuu cha Copenhagen na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lao kwa wanafunzi 52. Kwa miwani, wanafunzi walijiona wamo maabarani hasa, kuliko kwa kioo cha kawaida cha kompyuta. Ila elimu waliyoipata ilikuwa haba kuliko ya kioo. Vipimo vya ubongo vilionyesha kwamba akili zilielemewa. Furaha ya macho ilikuwa imekula nafasi ya somo.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Parong na Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, walikuwa wameona hali kama hiyo katika somo la seli za mwili. Hata hivyo, wavaaji waliotakiwa kusimama baada ya kila sehemu na kuandika muhtasari walifanya vizuri kuliko wavaaji wenzao wasioandika.

Basi chuo kikitaka kufunga karakana eti kwa kuwa kimenunua miwani, kiulizwe mwanafunzi ataujulia wapi ukaidi wa skrubu iliyoota kutu. Na mwanao akirudi nyumbani amejaa sifa za alichokiona, usimkatize. Mpe kalamu na karatasi akuchoree mtambo ule, akueleze kila kiungo kinafanya kazi gani. Akikwama, amejua pa kuanzia kesho.